Mayu, Je, Ni Wewe Uliyenifunga Tumbo?

Mayu,

Shikamoo. Najua safari hii hutaitikia, lakini siwezi kuanza kusema na wewe bila kukuamkia. Ungenikatiza hapo hapo na kuniuliza nimelelewa na nani.

Nakuandikia kwa sababu naogopa. Kilio cha msiba wako nilishalia kule nyumbani mpaka wakanishika mabega, kwa hiyo leo sikuandikii kukulilia. Nina swali. Shangazi Wande, yule wa Chato, shangazi yake mume wangu Masanja, anasema wewe ndiye uliyenifunga tumbo. Anasema umekasirika kwa kuwa mtoto hakupewa jina lako, na Jumapili hii ndugu wanakuja kumbadilisha jina. Mimi nimekaa nimesikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nimekuogopa wewe. Wewe, Mayu, mama yangu mzazi. Nikipita kwenye ile picha yako ukutani nainamisha macho.

Ngoja nikupe habari kwanza, maana uliondoka mimba ikiwa kubwa. Ulikuwa unaipapasa ukisema ni msichana. Ni msichana kweli, anaitwa Neema, na ana paji lako la uso, lile la kukunja utadhani kuna mtu amemkosea. Kabula ameng'oka meno ya mbele na hataki kucheka mbele za watu. Masanja bado anashuka duarani, kwenye yale mashimo ya dhahabu upande ule ule wa Bulyanhulu, anarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Genge langu la nyanya hapa Segese nimelifunga tangu nijifungue. Siku ile ya kugawana vitu vyako wenzangu waligombea vitenge, mimi nikachukua kibuyu chako cha maziwa, wakanicheka. Kinaning'inia jikoni. Hakikuonja maziwa mpaka juzijuzi, na hapo ndipo habari yangu ilipo.

Unaukumbuka uzazi wa Kabula? Nilikuja kujifungulia kwako, na kila asubuhi, chai haijachemka, ulikuwa unasimama mlangoni na maswali yako. "Umeenda? Umelala? Umelia?" Nilikuwa naona aibu mpaka basi. Mtu mzima, mke wa watu, mama yake anamuuliza kama ameenda chooni, tena majirani wanasikia. Nikisema sijaenda, siku hiyo nilikuwa nalishwa mlenda mpaka nauota, na papai, na maji ya uvuguvugu, na bakuli la maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu hicho hicho. Nikisema sijalala, ulimchukua Kabula ukazunguka naye nyumba nzima ukimsimulia habari za ng'ombe. Nikisema nimelia, hukuuliza kwa nini. Ulikuwa unakaa tu kitandani kwangu na kuchambua mchele. Nilipokulalamikia kwamba unanifuatilia hadi chooni ulinijibu, "Mzazi asiyeenda choo hacheki, mwanangu, ng'wanone." Nikadhani ni maneno ya wazee tu.

Safari hii alikuja Shangazi Wande. Sitamsema vibaya, maana amenipikia, amenifulia, na Kabula anampenda kuliko anavyonipenda mimi. Ila uzazi wake ni wa namna nyingine. Ananifunga tumbo kwa kanga mpaka napumulia mabegani. Ugali mgumu, nyama ya kuchoma, mchuzi wa pilipili manga, basi. Mboga za majani hapana, zitamharisha mtoto. Papai hapana, lina baridi. Maji, anayaangalia kama mlinzi. Nilipotaja maziwa ya mgando aliniangalia vibaya, eti yatachachusha yale ya kifuani. Nami nilikuwa nimeshonwa, Mayu. Hata bila ugali wa Shangazi, kwenda choo lilikuwa jambo la kutolea jasho.

Na halafu kuna choo chenyewe.

Unamjua Masanja. Mtu wa duara akichimba choo hachimbi choo, anachimba duara. Aliita wenzake, wakashuka na kamba, wakaweka magogo ya matimba ukutani kuzuia udongo, wakashindana nani atafika chini zaidi. Majirani walikuja kulitazama. Ukitupa kokoto unasubiri kabla hujasikia kitu. Masanja anajisifu nalo mpaka leo, "Hili mpaka Neema anaolewa halijajaa." Na tundu la juu wamelikata pana, kwa sababu kwao shimo ni la mtu kupita.

Mtoto mchanga haachwi peke yake ndani, wewe mwenyewe ulinifundisha. Kwa hiyo Shangazi akiwa sokoni na Kabula shuleni, mimi nikibanwa nilikuwa naingia na Neema kifuani. Siku moja nilipoinama kwenye lile tundu, nika

Ngoja. Nitarudi hapo.

Niliacha kwenda, ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa najibana mpaka Shangazi arudi, na akirudi haja imekwisha kupotea. Nikapata akili nyingine: nisile sana, nisinywe sana, nisiende kabisa. Niliona nimejipatia dawa. Tumbo likawa gumu kama la mtu mwenye mimba nyingine. Gesi ilinipanda mpaka kwenye kifua, nikawa nasikia moyo unadunda masikioni. Chakula kilininukia vibaya. Usingizi ukakata, hata Neema akilala mimi nilikuwa macho natazama kama anapumua. Nilimfokea Kabula kwa kumwaga maji, maji tu, akajificha nyuma ya mlango. Maziwa yakapungua, Neema akawa analia kila saa, na akilia mimi nilikuwa nakimbia nje ya nyumba na kuziba masikio.

Ndipo Shangazi akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema, "Mama Kabula, mtoto analia hivi, na mama yake tumbo limefungwa. Bibi anadai jina lake." Wanawake waliokuja kunitazama wakaitikia kwa kichwa. Na mimi nikaogopa, maana kila mtu hapa amewahi kumwona mtoto aliyelia mpaka alipopewa jina la marehemu wao, akanyamaza.

Mimi najua ulichoniambia. Tulikuwa tunapukuchua mahindi, wewe na mimi tu, ukacheka ukasema, "Usije ukampa jina langu, limeshachoka na jembe. Mtafutie jipya." Nilipowaambia hivyo, hakuna aliyeniamini. Shangazi akasema wafu wanabadili mawazo. Hilo neno ndilo lililoninyima amani. Nilijiuliza, je, akiwa huko amebadilika? Je, mama yangu sasa ni mtu mwingine, asiyenijua, anayeweza kunibana matumbo mpaka nimpe anachotaka? Nilikuwa nikisikia upepo kwenye bati nasema ndiye.

Kisha ikafika siku ya Neema kwenda zahanati kupimwa uzito. Nesi alimpima, akamrudishia kanga yake, halafu badala ya kuita mwingine akanitazama mimi. Akauliza, "Na wewe mama, choo unapata?"

Mayu, nililia. Kwenye benchi, mbele ya wanawake wote na watoto wao. Tangu nijifungue walikuwa wananiuliza mtoto ananyonya, mtoto amelala, kitovu kimedondoka. Hakuna aliyeniuliza swali lako. Nesi akaniingiza ndani, akaniuliza na usingizi, akaniuliza na kilio, mtu asiyekujua kabisa, kwa mpangilio ule ule. Akanipima tumbo, akatazama nyuzi, akasema nimepona vizuri ila nimejifunga mwenyewe kwa njaa na kiu. Akanipa dawa ya kulainisha. Akasema kanga niilegeze, maji ninywe bila kupimiwa, papai na mboga nile, na maziwa ya mgando kama yamechemshwa kabla ya kugandishwa yatanisaidia, hayagusi ya kifuani. Alisema tumbo likikaa vibaya muda mrefu na moyo unachafuka, na moyo ukiwa na hofu tumbo nalo linagoma, hivyo vyote viwili vinatazamwa pamoja. Mwisho akapunguza sauti. "Kuna mawazo yanayokutisha? Niambie tu, wengi yanawapata." Nikasema hakuna.

Masanja alikwenda mwenyewe kwa wafugaji akaleta maziwa. Nilikifukiza kibuyu chako kama ulivyokuwa unafanya, nikachemsha, nikagandisha. Nilikunywa nimesimama jikoni, na ladha yake ikanipiga, nikaketi chini. Shangazi alinuna. Siku zilizofuata nilikuwa nakwenda choo kwa jirani, kile chake kifupi chenye tundu dogo, nikamwambia chetu kina nyoka. Na siku moja tumbo likafunguka. Wewe ungecheka. Nilitoka pale nimelowa jasho na machozi, jirani akaniuliza kama nyoka amehamia kwake.

Sasa nisikilize, maana hapa nilikaa nikafikiri. Tumbo limefunguka, na Neema bado ni Neema. Hakuna jina lililobadilishwa. Kama ungekuwa wewe umelishika, papai lisingekushinda, nakujua ulivyo mbishi. Kwa hiyo si wewe. Nimejibu swali langu mwenyewe, na nilikaa nikajisikia mwepesi kwa kitambo.

Halafu nikaogopa zaidi. Kwa sababu tumbo limepona na lile jingine halijaondoka, na kama si wewe, basi ni mimi.

Narudi pale. Nilipoinama kwenye tundu, niliona mikono yangu ikimwachia. Sikumwachia, Mayu, nilimbana mpaka akalia. Lakini nilimwona anakwenda. Niliiona kanga ya njano ikizunguka kule gizani na nikawa nasubiri mlio, kama wa ile kokoto. Na tangu siku hiyo naiona picha hiyo nikiwa kitandani, nikiwa jikoni, nikimwogesha, na kila nikiiona najiuliza ni mama gani anayeona vitu kama hivi. Ndiyo maana niliacha kwenda. Nilikuwa naogopa maumivu, ndiyo, lakini mikono yangu ndiyo niliyoiogopa. Kwa nesi nilinyamaza kwa kuogopa watanichukulia mtoto na kuniita kichaa.

Nimeliandika. Sitalifuta.

Wewe ndiye wa kwanza niliyejaribu kukuambia. Jana nilipofika pale juu kwenye "nika" niliiacha kalamu, nikaenda kumtafuta Masanja. Alikuwa ananoa sururu uani. Nikamwambia yote nikiwa nimemgeuzia mgongo. Nikasikia sururu imeacha kunolewa. Kisha akasema, "Mimi kila nikishuka naona kamba imekatika. Kila siku. Najiona chini nimelala. Halafu nashuka." Nikamuuliza kwa nini hajawahi kuniambia. Akasema, "Ningekwambia, ungeniacha niende?"

Amekaa duarani miaka yote hiyo na picha yake, na mimi huku na yangu, tunakula sahani moja.

Hakuniambia niache kufikiri. Alikwenda kutafuta mbao, akalifunika lile tundu pana, akakata dogo ambalo hata mguu wa mtoto haupiti, akaweka na mfuniko wenye mpini. Alipomaliza akalikanyaga kwa miguu yote miwili mbele yangu. Akasema kila asubuhi kabla ya kwenda kazini atasimama nje na Neema mpaka nitoke. Leo amesimama. Nimemsikia akimsimulia mtoto habari za mwamba.

Bado naogopa. Sitaki ufikiri nimepona kwa ajili ya mbao. Picha ilikuja tena mchana, nikiwa nakata papai. Lakini ilikuja nikiwa na mtu wa kumwambia, nikamwambia, akasema, "Yangu pia leo ilikuja." Tukaendelea kula.

Jumapili ndugu waje, wale wali, waondoke. Jina halibadiliki. Masanja amekwisha sema na Shangazi, naye bado amenuna, ila jioni nilimkuta anamenya papai na hakusema ni la nani.

Sasa ahadi yangu. Jumatatu narudi kwa nesi, Masanja ananisindikiza, na nitasema lile la shimo kwa mdomo wangu, lote, na akisema niende Kahama kwa daktari wa mambo hayo nitakwenda. Na siku Kabula na Neema watakapozaa, nikiwa hai, nitasimama mlangoni asubuhi na kuwaaibisha kwa maswali yako mbele za watu.

Nisamehe kwa kukudhania. Picha yako nimeifuta vumbi, sasa naitazama machoni. Lala salama, Mayu, na huko uliko kama kuna anayejifungua, najua unamsumbua.

Ulikuwa ukiniuliza kila asubuhi, na leo hujaniuliza, nakujibu hivyo hivyo. Nimeenda. Nimelala kidogo. Nimelia, na Masanja alikuwepo.

Mwanao,
Minza