Baiskeli ya Nassur

Moroni, Jumapili, Februari 2008

Joto la leo halina adabu. Nimeoga mara mbili na bado najiona mchafu, ila huu si uchafu wa jasho.

Naandika kwa Kiswahili nilichorudi nacho kutoka masomoni Zanzibar, maana kwetu hakuna anayekisoma. Ndiyo, ni woga.

Asubuhi niliazima baiskeli ya kawaida ya jirani, nikaenda nayo kutoka Magoudjou hadi Ntsoudjini. Dakika thelathini na nne. Mlima wa mwisho ulinishinda, nikashuka na kuisukuma huku miguu ikitetemeka na wauza ndizi wakinicheka. Baada ya kurudi nyumbani na kupumzika nikarudia njia ileile kwa baiskeli ya umeme. Dakika kumi na tisa. Mlima uleule niliupanda nimekaa, nakanyaga kivivu, mota ikifanya kazi yangu. Nilifika shati kavu.

Nilitaka kuandika habari za mwendo na nguvu tu, nijifanye mjuzi. Lakini baiskeli ya umeme si yangu.

Ni ya mdogo wangu, Nassur. Mjomba aliituma kutoka Marseille, na kazi yangu ilikuwa kuipokea bandarini hapa Moroni na kuipakia kwenye boti ya Mutsamudu, nyumbani kwetu kisiwani Anjouan. Nassur ana pumu, na anafundisha Ouani, mji wa jirani kwa barabara ya pwani. Boti ilikuwepo wiki ile. Nikasema acha niijaribu siku mbili tatu. Siku mbili zikazaa wiki tatu, mzozo wa Anjouan kujitenga ukapamba moto, vyombo vikasimama.

Sasa kule petroli hakuna na teksi hazitembei. Nassur anakwenda kazini kwa baiskeli kuukuu ya marehemu baba. Juma lililopita, mama alinieleza kwa simu, walimkuta ameketi kando ya barabara, midomo imebadilika rangi, hawezi hata kutaja jina lake.

Nimejitetea sana. Huko umeme nao ni wa kubahatisha, angeichaji wapi? Na betri ikiisha, baiskeli ile ni nzito kuliko ya kawaida, nimeshaisukuma mwenyewe. Yote kweli. Lakini siku boti ilipoondoka, umeme Mutsamudu ulikuwepo, na mimi nilikuwa nimepanda baiskeli yake, napunga upepo.

Leo pale mlimani, nikihema, ndiyo mara ya kwanza nimemwelewa.

Na mimi mapafu yangu ni mazima.

Adhuhuri akanipigia. "Jeje, kaka?" Tulipomaliza kujuliana hali, akauliza kama baiskeli iko salama. Nikamwambia ipo ndani ya boksi lake, sijaigusa. Uongo ulinitoka mwepesi, hata mate sikumeza.

Nilisikia kifua chake kikipiga filimbi. Kisha akasema, "Basi usiiache ioze bure, kaka. Itumie wewe. Moroni ina milima, na umri wako nao unakwenda."

Akacheka, akakohoa.

Nikamwambia ahsante.

Nimekaa hapa tangu saa ile naona aibu hata ya kujitazama. Nimemwibia ndugu yangu, kisha nikapokea kitu hichohicho kutoka mkononi mwake kama zawadi. Kesho nitampigia kabla hajatoka kwenda kazini, nimweleze yote. Sentensi ya kwanza nitaitoa wapi?