Jina la Kwenye Jezi

Mama yangu,

Goti limepoa? Mimi sijambo, ila kocha hanipi pumzi, eti napenda mno chenga. Nikamwambia nimezaliwa nazo, akanizungusha uwanja mara kumi.

Jumamosi nilifunga mabao mawili. Mashabiki wote walisimama wakaliita jina la marehemu dada, lililoandikwa kwenye jezi yangu. Nilipunga mkono. Tulipotumia karatasi zake ili nitoke kambi ya wakimbizi, nani alijua nitakuja kuwa maarufu?

Sasa klabu inakuleta, na wapiga picha watakuwepo. Tafadhali Mama, ukiniona usiniite kwa jina langu. Niite kwa jina lake. Nitaitika, nimeshazoea. Ukilia, watadhani ni furaha.

Barua hii ichome.

Ni mimi,
kitindamimba wako