Nywele za Neema

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, Jumapili usiku

Amezifumua zote! Nywele nilizomsuka Neema jana. Mdogo wangu alirudi kutoka kliniki ya Lilongwe ametulia, akamketisha binti yake kati ya magoti, akaanza upya. Kwangu mtoto hulia. Kwake alisinzia.

“Mama mkubwa, we unavuta nguvu,” Neema akaniambia. “Mama njo anajua kusuka.”

Mwezi uliopita niligombana na wazee wa kanisa. Niliwaambia ugonjwa wa hulka wa mdogo wangu, unaomfanya leo akukumbatie na kesho akufukuze, si laana, asinyang'anywe mtoto nikapewa mimi! Nikashinda. Leo mchana nilitamani ningeshindwa.

Kesho wazee wanarudi kuniuliza kama kweli mdogo wangu anaweza kulea. Nitasema anaweza, maana nimeona. Kitana changu nimekiacha kwake.