Chumba cha Nahodha Tulichokijenga Ujiji

Hadija,

Mwakeye. Najua ni jioni, na hiyo ni salamu ya asubuhi. Ulijifunza neno moja tu la Kiha kutoka kwangu, ukawa unanisalimia hivyo asubuhi, mchana na jua likizama, na kila nikikusahihisha unasema salamu ni salamu. Leo nakurudishia.

Filamu imekwisha. Tuliionyesha Jumamosi, uwanjani nyuma ya shule, tukafunga shuka jeupe ukutani. Tangu siku hiyo natafuta wa kumweleza ilivyokuwa, mtu ambaye hatanipa hongera tu, ataniuliza kwa nini taa ya kushoto ilikuwa inachezacheza. Sijampata. Ndiyo maana nakuandikia.

Mara nyingi najikuta nimerudi kwenye mchoro wangu wa kwanza. Ulikuwa umeniletea hadithi yako ya chombo cha anga kinachobeba abiria na mizigo, kikipita kituo hadi kituo huko juu kama meli zetu zinavyopita vijiji vya ziwani. Ukataka nikuchoree chumba ambamo nahodha na wenzake wanakiongozea. Kwenye filamu nahodha angekuwa wewe. Nikachora dirisha kubwa kama la duka la simu, taa za rangi kila kona, na katikati kiti kirefu cha kifalme. Ukaangalia, ukaangalia. "Consolata, hii ni saluni," ukasema. "Nikikaa hapa nitaomba kusukwa."

Nilikasirika kidogo. Halafu ukaanza kunieleza, na hasira ikaisha. Ugonjwa wa siko seli ulikuwa umekulaza hospitali mara kwa mara tangu utotoni, na ulisema wodini mashine zinalia ovyo mpaka manesi wanaacha kuzisikia, na wewe uko kitandani unajiuliza ni ipi inalia kwa ajili yako. Kwa hiyo kengele za chombo chetu ziwe chache, na ikilia moja mtu anyanyuke. Dirisha la nini, nje giza tupu? Weka skrini pale macho yanapofika. Na viti viwe na mikanda, kwa sababu huko mtu hana uzito, akibonyeza swichi kwa nguvu atasukumika yeye.

Unaikumbuka siku ya bandarini? Mjomba wako alikuwa fundi kwenye meli iliyokuwa ikitengenezwa, akatuombea tupande. Mimi nilipiga picha za usukani na mishale ya vipimo. Wewe ukamwuliza nahodha, "Mkiwa humu ndani mnaongea nini?"

Mzee wa watu akacheka. "Tunaongea kidogo, mwanangu. Nikisema neno, niliyemwambia analirudia. Asipolirudia, najua hakusikia."

Njia nzima ya kurudi ukanitesa. "Consolata, nunua maji." Sijibu. "Consolata, hukusikia?" Mpaka nikasema, "Nanunua maji, nahodha," na yule muuza maji akatuangalia kama wendawazimu.

Baba yangu mdogo akatuazima stoo yake hapo Ujiji, kwa kuwa ilikuwa tupu akingoja msimu wa dagaa. Tukaleta plaiwudi, viti vya haisi mbovu ya Mwandiga pamoja na mikanda yake, skrini za kompyuta zilizokufa, taa za sola za wavuvi. Tulipaka rangi ya kijivu mara mbili, na harufu ya dagaa haikutoka. Ulisema ni sawa, chombo cha watu lazima kinuke kitu. Kila swichi tuliipima kwa mkono wako. Ulikaa kwenye kiti, ukajifunga mkanda, ukanyoosha mkono, na pale vidole vilipoishia nikachora alama kwa chaki.

Tuligombana mara moja tu, kwa sababu ya kile kitanda. Ulitaka kitanda chembamba cha kukunja nyuma ya kiti cha nahodha. Nikakwambia hakuna chombo chenye kitanda ndani ya chumba cha uongozaji, watu watatucheka. "Nahodha naye huumwa," ukasema. "Akiumwa utampeleka wapi, na wenzake wanamhitaji?" Ukamwita fundi seremala mwenyewe, na siku iliyofuata nikakikuta kimefungwa ukutani, kimetandikwa khanga yako ya kijani.

Mimi nilikuwa tayari kuanza kupiga picha mapema. Wewe ndiye ulisema bado. Bado rangi, bado maandishi ya swichi, bado waya unaning'inia. Nilidhani unapenda tu kila kitu kinyooke. Sikujua kwamba kuna asubuhi unaamka viungo vinauma, ukaja stoo hivyo hivyo, ukaniambia umechelewa kwa sababu ya foleni ya maji. Laiti ungesema, Hadija. Tungeanza na waya wetu unaning'inia. Nani angeuona?

Halafu ukanipigia simu, mvua zimeanza, sauti yako nzuri kabisa. "Kachukue kamera. Chumba kimekamilika." Nikaenda Kasulu kwa binamu yangu aliyeahidi kutuazima. Nikalala huko. Kesho yake basi lilikuwa limesimama Kidahwe, watu wananunua ndizi, simu ikaita. Alikuwa kaka yako Juma. Akasema usiku ulizidiwa, wakakukimbiza hospitali, na alfajiri...

Sikumwelewa. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Nilifika Ujiji wanaume wanarudi kutoka makaburini. Nikaingia ndani kwa akina mama na kamera ikiwa bado mikononi mwangu, sijui pa kuiweka. Sikukuona. Hilo ndilo haliniachi. Kila mtu mle ndani alikuwa na neno lako la mwisho, hata jirani. Mimi nilibaki na "kachukue kamera".

Stoo niliifunga. Wenzetu wa kikundi cha filamu walisubiri kwa adabu, lakini msimu wa dagaa ulipokaribia baba mdogo aliniita. "Mwanangu, sikufukuzi. Ila mtumie chumba chenu au mkibomoe, mimi nahitaji pa kuweka magunia." Nikaona siwezi kupiga picha wala kubomoa bila kwenda kwa mama yako.

Nilimkuta uani anachambua mchele. Nikamwamkia, akaitikia, hakunikaribisha kukaa. "Mwanangu alikuwa mgonjwa," akasema. "Mlimfungia kwenye vumbi la stoo kutwa nzima. Mlikuwa mnamfanyisha nini huko?"

Nikamwambia, "Mama, njoo uone mwenyewe. Ukisema tubomoe, tutabomoa leo."

Akaja kesho yake na Juma. Niliwasha taa zote. Alisimama mlangoni, akatazama skrini, viti, maandishi yako mekundu juu ya swichi, ya mviringo yale. Akauliza ungekaa wapi. Nikamwonyesha. Hakukisogelea kiti. Macho yake yalikuwa nyuma ya kiti, kwenye khanga.

"Hii yangu," akasema. "Nimeitafuta nyumba nzima."

Nikamweleza habari ya kitanda, jinsi nilivyokataa na jinsi ulivyonishinda. Akakaa juu yake polepole, akapapasa godoro. Ulikuwa umeacha chupa ya maji pembeni na pakiti ya vidonge vyako, vyote vimepangwa vizuri, nami sikuwahi kuviona, kwa sababu sikuwahi kukisogelea kile kitanda baada ya kugombana.

"Kumbe alikuwa anapumzika," mama yako akasema. "Mimi nilidhani anasimama tu huku kutwa." Akalia, Hadija. Juma akatoka nje. Nilikaa sakafuni karibu na miguu yake, nikalia naye, na nadhani hayo ndiyo mazishi yako niliyoyawahi.

Alipoondoka alisema, "Pigeni picha zenu. Khanga naichukua. Kitanda msikitoe."

Nahodha amekuwa Pendo, yule mwalimu wa Mwandiga. Ni mzuri, na anajituma. Lakini ana mikono mirefu, chumba chote kina kipimo chako. Swichi ziko karibu mno na kifua chake, anakunja viwiko kama mtu aliyebanwa mlangoni. Juma, ambaye sasa alikuwa anatusaidia, alisema tuzisogeze. Nikakataa, kisha nikajiona mjinga, maana filamu ilikuwa yako na wewe ungezisogeza siku hiyo hiyo. Hata hivyo zikabaki. Watu hawakugundua. Mimi kila nikiangalia naona mahali ambapo mkono wako ungefika bila shida, na sioni kitu kingine.

Siku ya kuonyesha walikuja wengi. Wavuvi wa Kibirizi walipoona mabaharia wetu wanarudia maagizo, wakaanza nao kuyarudia kwa sauti, uwanja mzima. Ungefurahi mno. Baada ya hapo chumba chetu kilibomolewa. Nilisaidia kuondoa mbao mwenyewe, sikutaka mgeni afanye. Sasa pamejaa magunia na huwezi kujua kama pamewahi kuwa kitu kingine.

Kuna jambo moja linanisumbua. Filamu inaishia chombo kikiwa njiani. Kurasa zako ziliishia hapo, na hukuwahi kuniambia abiria wanashukia wapi. Nilikuwa nikiuliza unasema nisiwe na haraka. Watu walipokuwa wanakunja mikeka, mama yako alinishika mkono.

"Wale watu walifika?" akauliza.

"Bado, mama."

"Walikuwa na watoto mle ndani."

"Najua. Watafika."

Sijui kwa nini nilisema kwa uhakika namna ile. Nimeanza kuandika sehemu ya pili, na sina wa kuniambia hii ni saluni. Nafuta zaidi ya ninavyoandika. Lakini nimemwahidi mzazi wako, na sasa nakuahidi wewe: nitawashusha wote, watoto kwanza, mahali penye maji na watu wanaowangoja, na mama yako atakaa mstari wa mbele awaone wakishuka.

Lala salama, nahodha wangu. Mungu akupe nafasi pana huko uliko.

Consolata wako