Ile Chupa Ilikuwa Yako

Mama Kalista,

Ni miye, bwana yako. Naandika na mukono yangu mwenyewe. Mutoto yetu Kalista alitaka kuniandikia, nikamufukuza. Kama herufi zinalala kando sawa na walevi, uzisome vile vile. Ni weye ulinifundisha, kosa ni ya mwalimu.

Kwanza habari ya lupango, kiwanja yetu. Tangu tulikuzika, Kalista anasema kintu moja tu: tung'oe mibono yote ya kuzunguka nyumba, tujenge ukuta ya matofali sawa majirani. "Papa, hii ni miti ya watu wa zamani, hata mbuzi inaikataa." Nikamwambia: mbuzi inaikataa juu iko na akili. Wakati vita ilitukimbiza mupaka Komanda, watu walibeba magodoro, na weye ulibeba mbegu za mubono mu kitambaa ya kichwa. Nilikucheka njia yote. Tuliporudi Bunia nyumba haikuwa na mulango, na weye ukachimba mashimo ya miti mbele ya kutafuta mulango. Sasa nani atang'oa? Wakati niko napumua, hapana.

Basi mwezi uliopita akafika enjenieri moja, kijana ya miwani. Anasema usine, kiwanda ya sabuni, inatafuta mafuta ya mbegu za miti, ile watu hawali, juu mawese iko ya sufuria. Kila mutu alete chupa ya mafuta na kikombe ya mbegu, vyote viende ku laboratwari. Kule wanaangalia mbegu iko na mafuta kiasi gani ndani, na mafuta iko na asidi kiasi gani. Asidi ikiwa mingi, sabuni inakataa kushikana. Miye, unanijua, nikasimama mbele ya watu wote, nikamwambia Kalista: kama mafuta ya hii lupango haifai, nitakata miti miye mwenyewe, na panga yangu mwenyewe!

Nikapeleka chupa mbili. Yangu, na mbegu zangu: zile nyeusi naokota chini, nazikaanga ku moto mupaka zinatoa moshi, kisha nazikamua. Na chupa yako ya mwisho, ile ilibaki nyuma ya mulango ya jikoni, pamoja na mbegu ulianika mu kitunga. Miaka yote tuligombana. Weye ulisemaka: tunda lichumwe likiwa manjano, lingali ku muti, mbegu zikauke chini ya paa, upepo upite, moto usizione. Nilisemaka huo ni uvivu ya wanamuke, bila moto mafuta haitoke. Niliipeleka yako juu ya kuiaibisha. Ndiyo. Uko mu kaburi, na nilitaka kukushinda bado.

Enjenieri akarudi na kartasi yake na chupa zote. Lupango ilijaa bamama. Akasoma: "Chupa ya kwanza iko na asidi mingi sana, mbegu zake zilioza chini, zingine zikaungua. Haifai. Ya pili iko safi, na mbegu zake zimejaa mafuta. Hii ya pili ni ya nani?"

Kalista alikuwa ananiangalia. Miti yako pia, naona ilikuwa inaniangalia.

Nikasema: "Yangu."

"Na ya kwanza?"

Nikasema: "Ya marehemu bibi yangu."

Mama Furaha, ule jirani mulikuwa munachuma pamoja, akacheka peke yake. "Baba Kalista, tangu lini mafuta yako inakosa harufu ya moshi?" Watu wakafikiri ni mchezo. Wakacheka. Na miye nikacheka.

Sasa kila asubui wanakuja na vitunga, niwafundishe. Miye huyu! Nakaa ku kiti yako, nasema: ichume ya manjano, ianike chini ya paa, upepo upite. Maneno inatoka mu kinywa yangu na sauti yako. Wananiita muzee ya mayele, muzee ya akili. Nilipenda, sitakudanganya. Siku tatu nilitembea ku soko sawa shefu ya kijiji.

Lakini jana mama moja wa kijiji ya Marabo akaniambia polepole, na huruma: "Pole muzee. Na bibi yako alikuwa anaharibu mbegu vile, miaka yote uliivumilia?"

Nilisimama. Nilitaka kumufukuza na fimbo. Kisha nikakumbuka ni nani alimufundisha hayo maneno. Weye, ulikuwa unachagua mbegu moja moja, unaigonga na kucha, unasikia kama imejaa... weye, kuharibu. Nikaingia ndani. Sikutoka tena mupaka wote wakaenda.

Sasa usikie. Ijumaa, siku ya tano, enjenieri anarudi kuchukua mifuko ya kwanza. Watu wote watakuwa pale, na Kalista, na ule mama ya Marabo, nimemutumia habari akuje. Nitasimama. Usifikiri nitalia, usifikiri nitainamisha kichwa sawa mwizi wa kuku. Nitasema na sauti ya juu: hii ilioza ni yangu, hii safi ni ya bibi yangu. Wanicheke mupaka wachoke! Na kama Kalista atasema, "Papa, chupa yako haikufaa, panga iko wapi?" nitamujibu nilisema mafuta ya hii lupango, na weye uko wa hii lupango kuliko siye wote.

Na moto sijaacha. Kikapu moja nitakaanga bado, kwa taa yangu. Kila mutu na kichwa yake.

Chupa yako iko hapa ku meza. Nimeandika juu yake na makaa, mara tatu, sababu mara mbili za kwanza herufi zilianguka: MAMA KALISTA. Hakuna mutu atauliza tena ni ya nani.

Lala muzuri, mama. Miti naichunga. Na siku ya tano nitajisifu kuliko siku zote za maisha yangu: mwanamuke alinishinda, na alikuwa wangu.

Bwana yako,
Baba Kalista