Msimamizi wa Mvuke

Jumatatu, 2 Machi

Bahati yangu ingekuwa nywele, vinyozi wangegombana mlangoni kwangu. Leo nimepanda cheo! Mimi, niliyeacha shule darasa la sita, ndiye msimamizi wa chumba cha mvuke, hospitali nzima. Meneja kaniita mwenyewe ofisini, kanipa mkono, kanivisha koti la buluu. Kasema kampuni ilitafuta mtu wa kuaminika kati ya wafanyakazi arobaini, ikaniona mimi. Kuna karatasi nikasaini. Sahihi yangu ina mikia mitatu, waziri haoni ndani! Walioitwa kabla yangu, dobi mkongwe na fundi bomba, walitoka wamenuna. Wivu huo. Nikawaambia wakanywe maji baridi.

Kazi yenyewe watu hawaijui. Kila mkasi, kila kisu, kila kitambaa kinachogusa tumbo la mgonjwa kinapita kwangu kwanza. Tunaosha, tunafunga vifurushi, tunatia kwenye mashine, mvuke unaua vijidudu. Mashine ziko mbili. Ile mpya ni mali ya kampuni, tunaiita Bi Harusi. Ile kuukuu ni ya serikali, tunaiita Bibi. Imelala kona ile mwaka wa pili sasa, imefunikwa shuka.

Kampuni nayo tuna jina lake — Shangazi. Maana yuko kila nyumba. Anapika magerezani, anafagia mashuleni, analinda mahakamani, na hapa kwetu anafua, anapika, anadeki. Serikali siku hizi haishiki hata ufagio, kila kitu Shangazi.

Nimempigia dada. Ndiye aliyenilea tangu mama afariki. Kacheka hadi akakohoa. "Mdogo wangu msimamizi! Basi siku yangu wanipasue kwa kisu ulichokiosha wewe." Ana uvimbe tumboni, zamu yake tarehe kumi na mbili. Nikamwambia atapasuliwa kama malkia.

Alhamisi, 5 Machi

Sabuni haijaja. Mpishi wa wodini kasema gari la unga nalo halijaja, na huko gerezani siku ya tatu wanakula bila chumvi. Nikamwambia aache umbea, Shangazi ana magari mia tatu.

"Magari anayo," kasema, "mafuta ndiyo hana."

Nikamtoa chumbani kwangu. Msimamizi ni msimamizi.

Jumamosi, 7 Machi

Shangazi kafa!

Redio imesema saa saba mchana. Kampuni imefilisika, shughuli zote zinasimama leo. Leo! Si mwezi ujao, si Jumatatu. Leo, wagonjwa wakiwa wanangoja chakula! Simu ya meneja haipatikani. Nikapanda hadi ofisini kwake. Meza tupu, waya wa kompyuta unaning'inia. Hata ua la plastiki kaondoka nalo. Ua la plastiki! Mtu anaacha hospitali nzima anabeba ua la plastiki.

Na yule mkurugenzi wao, wa tai nyekundu, wiki iliyopita tu alikuwa kwenye televisheni anasema kampuni ina afya ya simba. Mshenzi. Na waliompa kazi za nchi nzima mtu mmoja, je? Walikuwa wamelala? Magereza, shule, hospitali, vyote kwapani mwake. Kaanguka, kaanguka na uji wa mgonjwa.

Nimeshuka nikamkuta mama wa usafi anadeki wodi ya watoto. Nikamwambia acha, mama, kampuni imekufa.

"Na uchafu nao umekufa?" Akaendelea kudeki.

Mpishi kakusanya unga kwa majirani. Nilimwomba radhi kwa ile ya Alhamisi. Kasema nimenye vitunguu kwanza, radhi baadaye. Nimemenya ndoo mbili. Machozi yale si yote ya vitunguu.

Jumatatu, 9 Machi

Mfilisi kaja. Bwana mmoja mnene, ana fungu la stika nyekundu kama anauza bidhaa. Kila mali ya kampuni anabandika. Ndoo — paa! Sufuria — paa! Kuna kitanda cha magurudumu, juu yake kalala mzee aliyevunjika mguu, anasubiri kupelekwa kupigwa picha ya mfupa. Kabandika! Mzee akainua kichwa, akauliza, "Na mimi ni mali ya kampuni?" Watu wakacheka. Mimi nilitaka kumrarua mtu.

Halafu wakaja kumchukua Bi Harusi. Wanaume wanane, wanamsukuma kwa magogo hadi kwenye lori. Nikasimama mlangoni na koti langu. Nikasema, bwana, hii inasafisha visu vya watu walio hai. Kanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi, kwamba yeye anatekeleza amri ya mahakama, tuongee na wizara. Wakanisogeza pembeni kama pazia.

Wizara! Afisa wao kaja na gari, hakuzima hata injini. Kasema hospitali ni ya serikali, ila huduma ilikuwa ya mkandarasi, kwa hiyo suala lipo baina ya mkandarasi na mfilisi. Nikamuuliza, na mgonjwa yupo baina ya nani na nani?

Kapandisha kioo.

Stoo imefungwa kwa mnyororo. Ndani kuna tepe zetu, zile za kubandika kwenye kifurushi, zinazogeuka nyeusi mvuke ukitosha. Bila tepe hujui kama umeua vijidudu au umewaogesha tu. Nimewaeleza hao watu wa stika. Wamesema tepe ni mali ya kampuni.

Jumanne, 10 Machi

Kaja sista mkuu wa chumba cha upasuaji. Mwanamke mkali, hacheki ovyo. Leo kacheka. Mkononi ana faili. Kumbe Bibi katengenezwa na kukaguliwa, imeandikwa tarehe mbili Machi, yuko tayari kwa kazi!

"Na sahihi hii yenye mikia ni yako, msimamizi. Umetuokoa."

Alhamisi kuna wagonjwa watatu wasioweza kungoja. Wa kwanza ni dada. Sista kaniuliza mbele ya wauguzi, Bibi ataweza? Nikasema ataweza, ana nguvu kunishinda mimi. Wakapiga makofi.

Meneja yule mwizi! Mwizi, mwizi, mwizi!

Jumatano, 11 Machi

Asubuhi nimemfunua Bibi, nikamwasha peke yangu. Mpira wa mlango umekauka, unakatika kama mkate wa juzi. Mvuke unatokea pembeni, unapiga mluzi. Mshale wa geji, ile ya kupima nguvu ya mvuke, umesimama kwenye kijani. Nikazima — bado kijani. Nikachomoa waya ukutani — kijani! Umekwama hapo, unasema ndiyo kwa kila kitu. Hakuna fundi aliyemgusa Bibi. Hajaguswa hata kwa kidole. Nikampiga teke. Kidole changu ndicho kilichovimba.

Nikamtafuta fundi bomba kwa simu. Nikamuuliza kiutani, je, mpira kama ule unapatikana? Kasema unaagizwa, wiki sita. Kisha akauliza, "Kaka, hujawaambia?" Nikakata.

Hospitali ya pili? Nimepiga pia. Mashine yao nayo ilikuwa ya Shangazi. Ina stika.

Saa nane nikaenda wodini. Dada kashanyimwa chakula kwa ajili ya kesho, na bado ana maneno. Kaniita kwa sauti, wodi nzima isikie.

"Huyu hapa! Mdogo wangu. Chumba kizima cha mvuke ni chake!"

Mama wa kitanda cha pili, wa pili kupasuliwa kesho, akanishika mkono akaniombea dua ndefu. Nikaitikia amina. Nifanyeje?

"Mbona unatoka jasho?" dada akauliza.

Nikasema ni mvuke.

"Mvuke umekufuata hadi huku?" Wakacheka wote. Mimi nilicheka kuwazidi.

Nilipotoka daktari kanikuta mlangoni. Kasema vizuri Bibi amepatikana, maana uvimbe wa dada umeanza kubana utumbo. Akikaa wiki mbili zaidi, hatoi ahadi. Nikamuuliza, na kisu kikiwa hakijaiva vizuri? Kanitazama. Kasema, hapo si wiki mbili tena, hapo ni siku nne, tano. Kisha akanipiga bega. "Lakini wewe ndiye unayehusika, sina wasiwasi." Kaenda zake.

Sasa ni saa tisa na nusu. Nimekaa juu ya kifurushi cha mashuka, naandikia mapajani. Saa kumi sista anakuja na vifurushi vya kesho, vitatu, nivitie kwa Bibi. Nikisema, wanafunga chumba cha upasuaji na dada anabaki na uvimbe wake. Nikinyamaza, geji itasema kijani, na mimi nitasema kijani. Wangetupeleka mji mwingine? Kwa gari lipi? Labda mfilisi akibanwa atatoa tepe na Bi Harusi. Labda yule afisa akiona karatasi imesema uongo atazima injini yake. Sijui. Lakini mtu lazima aanze kusema, na anayejua ni mimi.

Wiki nzima nimetukana humu. Nimemtukana mkurugenzi, meneja, mfilisi, wizara. Wote wanastahili, sifuti hata moja. Lakini kuna mmoja sijamgusa.

Nasikia viatu vya sista kwenye korido. Anakuja mapema.

Hata wewe daftari nilikudanganya. Jumatatu ile sikuteuliwa. Dobi mkongwe aliisoma karatasi, akauliza Bibi kakaguliwa na nani, akakataa. Fundi bomba akakataa. Meneja akasema atakayesaini ndiye msimamizi. Na mimi niliisoma, yote, mara mbili, darasa la sita linatosha kusoma vile. Nikasaini. Haikuwa bahati. Katika watu arobaini, mimi ndiye niliyekubali kudanganya.