Mutoto wa "a" na mutoto wa "the"

Mujukuu wangu Asha,

Salamu zikufikie huko Kampala. Hapa Mikelenge tuko wazima. Mama mudogo wako Salima amejifungua mapacha, nyumba nzima ni kelele na furaha.

Unaniuliza kwa nini Kiingereza kinataka "a" na "the", wakati sisi tunasema "mutoto" na inatosha. Mimi nilijifunza tofauti yao kule Lubutu, wakati wa vita. Mama yako, akiwa na miaka mine, alitupotea tukikimbia. Kulikuwa na muzungu aliyeandikisha watoto waliopotea. Kwa Kiingereza changu cha sokoni, nikamwambia nataka "a child". Akafurahi, akaingia ndani, akaniletea katoto kachanga kasiko na mutu, akakaweka mikononi mwangu.

Jirani yangu akacheka: "Mama, umeomba mutoto yeyote. Sema 'the', njo atajua ni yule wako."

Nikasema "the child", nikataja jina. Siku ya tatu mama yako akaletwa, anatafuna muhogo.

Kwa hiyo kwenye mtihani wako wa Kiingereza andika vizuri. Lakini yule wa "a" sikumurudisha, maana hakuna aliyekuja kumutafuta. Nikamuita Salima. Iko hapa pembeni yangu na mapacha yake, anacheka ninavyoandika.

Nyanya yako,
Mwajuma